Uvimbe wa taya kwa mtoto si wa kungojea

LUBUMBASHI – Mtoto akivimba taya, katika familia nyingi za Lubumbashi watu hufikiri kwanza ni jino. Anapewa dawa ya maumivu, anaombewa, anazungushwa huku na kule, na mwishowe ndipo anafikishwa hospitalini. Kwa limfoma ya Burkitt, saratani inayopenda kushika taya na tumbo la mtoto, wiki mbili za namna hiyo zinaweza kutenganisha kupona na kufa.

Ugonjwa huu wanasayansi wanaujua vizuri, na walijifunza hapa hapa Afrika. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliueleza mwaka wa 1958. Mwaka wa 1961 alisafiri kwa gari maelfu ya kilomita, hospitali kwa hospitali, akaona kwamba unafuata sehemu za joto na mvua, zile zile zenye malaria kali. Mwaka wa 1964, Epstein, Achong na Barr walikuta virusi katika seli za uvimbe zilizotumwa London kutoka Uganda. Virusi hivyo huingia karibu kila mtoto wa Afrika bila kumdhuru sana. Hatari huongezeka pale malaria inapomrudia mara kwa mara.

Kiini cha ugonjwa kilionekana mwaka wa 1982. Ni jeni iitwayo MYC. Protini yake hushika kwenye kromosomu na kuamuru jeni nyingine nyingi zifanye kazi, ili seli ikue na kugawanyika. Katika seli nzima, protini hiyo hutoka kidogo na kuvunjwa upesi. Katika limfoma ya Burkitt, kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kuunganika na kromosomu nyingine, mara nyingi ya 14, karibu na jeni za kinga ya mwili ambazo katika seli hizo hazilali. Hapo MYC inakuwa kama kapita wa mgodi anayepiga king'ora cha zamu usiku na mchana, hakuna kupumzika. Uvimbe unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili tu.

Lakini haraka hiyo ndiyo pia udhaifu wake. Seli zinazogawanyika mbio hufa mbio zikikutana na dawa. Burkitt mwenyewe, miaka ya 1960, aliona uvimbe ukiyeyuka kwa siklofosfamidi, dawa ambayo leo iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Katika nchi tajiri, watoto wengi sana wenye ugonjwa huu wanapona.

Kwa hiyo kinachohitajika Lubumbashi si uvumbuzi mpya. Inahitajika maabara inayosoma kipande cha uvimbe kwa siku chache, dawa zisizokatika katikati ya matibabu, na mzazi asiyelazimika kuuza kiwanja ili mtoto aanze kutibiwa.

Wengine watasema malaria, surua na kipindupindu vinaua watoto wengi zaidi, basi saratani ingojee. Hoja hiyo ina uzito, lakini saratani hii ni mtoto wa malaria: chandarua kinapigana na zote mbili. Na maabara inayosoma uvimbe wa mtoto inasoma pia ule wa titi na wa shingo ya kizazi wa mama yake.

Sheria ya migodi ya mwaka wa 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa madini. Haut-Katanga, jimbo la shaba na kobalti, linaweza kutenga sehemu ndogo ya pesa hizo kwa ajili ya kazi hii, iandikwe wazi katika bajeti, na wabunge wa jimbo wadai hesabu yake kila mwaka.

Wakati huo, wauguzi wa vituo vya afya, kuanzia Katuba hadi Rwashi, wanaweza kuanza leo. Taya inayovimba, jicho linalosukumwa nje, tumbo linalokua kwa siku chache: mtoto huyo atumwe hospitali kubwa siku ile ile.