Tufani Ikipita, Nani Aulizwe?



Sisi wa reli twajua jambo moja. Mvua ikiosha tuta, mkubwa wa ofisini haoni kitu mpaka mnyapara wa njia amwonyeshe. Yeye ndiye ajuaye kalvati lililoziba tangu mwaka jana na mataruma yaliyooza. Kwa hiyo habari ya Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani, yatuhusu.

Tarehe 20 Septemba 2017 tufani iitwayo Maria ilikipiga kisiwa kile, umeme ukazimika kote. Umeme ulikuwa wa shirika la umma, PREPA, lililokwisha kufilisika kwa deni la dola bilioni 9. Mkubwa wake, Ricardo Ramos, hakuita mara moja mashirika ya umeme ya Marekani, ambayo yana desturi ya kusaidiana. Alifanya mkataba wa dola milioni 300 na kampuni ya Whitefish, ambayo tufani ilipofika ilikuwa na wafanya kazi wawili tu wa kudumu. Kwa saa moja ya fundi wa nyaya kampuni ilidai dola 319. Watu wakapiga kelele, mkataba ukavunjwa, na mwezi wa Novemba Ramos akajiuzulu.

Julai 2018 bodi ilichagua mkubwa mwingine kwa mshahara wa dola 750,000 kwa mwaka, na hali nyumba nyingine zingali gizani. Kesho yake aliacha kazi kabla ya kuianza, na wajumbe wengi wa bodi wakatoka pia. Nyumba za mwisho zilingoja taa mpaka Agosti. Serikali ya kisiwa ilikubali hesabu ya wafu 2,975, na wengi wao walikufa upepo ukiwa umekwisha kupita.

Wengine watasema wakati wa maafa mkubwa lazima aamue upesi. Kweli, lakini upesi si siri. Fundi apandaye nguzo angeulizwa, angejibu kwa dakika tano ni nani awezaye kazi na ni nani asiyeiweza.

Hapa Kenya tuliona mafuriko ya 1961, ya 1997 na ya 2024. Maoni yangu ni haya: katika kila shirika la umma, wafanya kazi wawe na kiti penye kupanga matengenezo, na mikataba ya dharura isomwe hadharani. Tuyadai hayo jua likiwaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Umoja ni nguvu.