ZEZE SI BAKULI LA KUOMBEA, BWANA JIRANI!

Huku kwetu Mzinga wiki nzima ni mvua tu. Uluguru imejifunika blanketi la mawingu, mtu unaogopa hata kuoga. Sasa katika baridi hiyo hiyo, jirani yangu kawasha moto. Na moto wenyewe ni wa zeze!

Iko hivi. Jirani ni Mgogo, kahamia hapa Mji Kasoro Bahari siku nyingi. Kijana wake kamaliza kidato cha nne, anataka kwenda Bagamoyo kusomea muziki. Zeze analo, kaachiwa na babu yake. Juzi jioni nasikia kelele, natoka mbio, namkuta mzee kalinyanyua zeze juu anatafuta pa kulibamiza.

"Babu yako kafa maskini na kidude hiki! Unataka ukakae stendi ya Msamvu uombe hela?"

Nikamnyang'anya, nikaingia nalo ndani. Limelala uvunguni mwa kitanda changu, mama watoto ananuna kama mimi ndiye mpigaji.

Usiku kijana akaja. Shikamoo ba'mdogo, marahaba, akatoa simu. Mzungu anapiga viola. Kwa msiojua, hiyo ni ndugu wa fidla, kubwa kidogo, sauti nzito kidogo. Kijana akanieleza kwamba hata hiyo zamani ilikuwa ya kudharauliwa. Aliyeshindwa fidla ndiye aliyepewa viola, akae kule nyuma asionekane.

Akatokea Mwingereza mmoja, Lionel Tertis, aliyezaliwa mwaka 1876. Yeye akaing'ang'ania viola hiyo hiyo, akafundisha vijana katika chuo cha muziki cha Royal Academy kule London, akawasumbua watunzi waitungie kazi za mbele ya jukwaa. Na alikuwa binadamu kama sisi: William Walton alipomtungia kazi kubwa, mzee akaikataa, mwaka 1929 ikapigwa na mwingine. Baadaye akakiri kakosea, akaipiga mwenyewe. Alifariki mwaka 1975 akiwa na miaka 98, na hakuna aliyekuwa anaicheka viola tena.

Nikasema hapo hapo, kumbe dawa ya jirani ninayo! Kesho yake nikaenda kwake na kahawa.

"Bwana jirani, Hukwe Zawose unamjua?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Mgogo gani asiyemjua Zawose?"

Basi nikamkumbusha. Mtoto wa kijijini Ugogoni, mpiga zeze na ilimba. Miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilipoanza mwaka 1981, yeye akawa mwalimu pale. Zeze lile lile la kibuyu likamfikisha Ulaya, Marekani na Japani. Mwaka 1996 wakatoa albamu ya Chibite na kampuni ya Peter Gabriel, Real World. Alifariki Desemba 2003, na Bagamoyo ukoo wake bado unapiga.

Jirani akanywa kahawa, akanigeuzia kibao. "Huyo mmoja. Wale mia waliobaki na njaa utawahesabu wewe?"

Wasomaji, hapo alinishika pabaya. Si uongo. Sisi watu wa Morogoro tunajua. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikufa kwa ajali mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe naye ajali, Mombasa, Januari 1979, hata miaka 40 hajafika. Mpaka leo nyimbo zao tunacheza kwenye harusi, lakini nani alikaa chini akafundishwa na Mbaraka ule mkono wa gitaa? Kaenda nao.

"Ndiyo maana nakwambia habari ya mwalimu," nikamjibu. "Umaarufu ni bahati nasibu. Mwalimu hata asipovuma, anaacha watu. Mtoto wako hajasema anataka kuwa staa. Anataka kwenda kufundishwa, naye aje afundishe."

Nikamwongezea moja. Wanawake wa ukoo wa Zawose kwa muda mrefu walikuwa wa kuitikia na kucheza, mbele wanaume. Leo Pendo, binti wa mzee, na Leah, mjukuu wake, ndio Zawose Queens. Mwaka 2024 wametoa albamu yao, inaitwa Maisha. Mzee hayupo miaka zaidi ya 20, shule yake bado inatoa wahitimu!

Jirani kimya. Mimi nami nikanyamaza, maana niliwahi kuwa na gitaa ujanani, baba akaliuza nikiwa shule, nami sikusema neno. Nikaishia kuandika safu.

Nilipoinuka kuaga, akaniita.

"Lile zeze umeliweka wapi?"

"Uvunguni."

"Uvunguni na mvua hii?" akafoka. "Unyevu unalegeza ngozi, hujui? Lete hapa!"

Hajasema ndiyo, wala hajasema hapana. Ila jana usiku mvua ilipokatika nilisikia zeze upande wa pili wa ukuta. Kijana alikuwa kwangu anakula. Sasa aliyekuwa anapiga nani?

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.