Neno la Mhariri: Shamba Lichorwe na Mwenye Shamba



Toleo hili tumelitenga makusudi kwa ajili ya wachoraji wa mashamba na mandhari ya nchi, ilhali twajua fika kwamba wako watakaotuuliza, hususan hapa Mbalizi ambako malori ya Tunduma hayakomi kupita usiku na mchana, ya nini kumchorea mkulima lile konde alilolizoea tangu utotoni. Swali hilo ni la haki, na jawabu letu ni hili: kaumu isiyoichora ardhi yake kwa mkono wake huwaachia wengine kuamua ardhi hiyo ina nini na ni ya nani.

Tuutazame mlima Kilimanjaro. Katika picha zilizoenea duniani mlima huo ni theluji na tembo, kana kwamba chini yake hajapata kukaa binadamu. Sam Joseph Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, akasoma uchoraji Makerere kwa Bibi Margaret Trowell na baadaye katika chuo cha Slade mjini London, aliichora nchi ya mlima ule ule akaijaza watu: wavunao, wajengao, waendao sokoni, wadogo kwa umbo katikati ya kijani kingi, wala hapana hata mmoja aliyesimama ili kumstaajabisha mgeni. Picha yake ya mwaka 1956, ionyeshayo wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, ilinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York mwaka 1960. Na mwaka uliofuata, Tanganyika ilipopata uhuru, mchoraji huyo ndiye aliyepelekwa London kuwa balozi wetu wa kwanza. Twaona uteuzi ule ulikuwa wa hekima, kwani aliyekwisha kuisemea nchi kwa rangi alistahili kuisemea kwa ulimi.

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Edward Mitchell Bannister, mtu mweusi aliyezaliwa New Brunswick huko Kanada, kisha akaishi Boston na Providence nchini Marekani, alijulikana zaidi kwa picha za malisho, miti na ng'ombe. Mwaka 1867 gazeti moja la New York liliandika kwamba mtu mweusi aweza kuipenda sanaa lakini hana uwezo wa kuitenda. Mwaka 1876, miaka 11 tu baada ya utumwa kufutwa Marekani, picha yake ya mialoni ilipata nishani ya daraja la kwanza katika maonyesho makubwa ya Philadelphia. Na waamuzi, walipotambua rangi ya mshindi, wakataka kulifikiri shauri upya, hata wachoraji weupe walioshindana naye wakasimama upande wake, na nishani ikabaki kuwa yake. Picha ile leo imepotea, lakini hoja yake haikupotea: bila ya neno moja la ugomvi, miti na malisho vilitosha kuwa jawabu.

Wako wasemao kwamba picha tulivu humficha mkulima na taabu zake. Hatukubali. Watu wa Ntiro wamo kazini, na utulivu wao ni ule wa mtu aliye kwake, asiyehitaji idhini ya yeyote kuwapo pale. Heshima hiyo ndiyo tuitakayo kwa kahawa ya Utengule, viazi vya Uporoto na mpunga wa Usangu, pamoja na wale wavilimao. Wala ufundi huu si mgeni katika nyanda zetu, maana juu ya mwamba wa Igeleke, karibu na mji wa Iringa, wahenga walichora watu na wanyama zamani sana kabla ya chuo chochote kujengwa.

Kwa hiyo twawasihi walimu wa Mbeya na Iringa wawape watoto karatasi na rangi, wawatoe nje ya darasa, na wasiwafundishe kunakili tembo wa kadi za watalii. Nawe kijana mwenye kipaji, usingoje kufika mbali ili upate cha kuchora: anza na konde la nyumbani kwenu, na usiwasahau watu waliomo.