Makofi Hayafundishi Kusoma

Kila Juni 20, Siku ya Wakimbizi, wageni wakija na magari yao, kuna kijana wa bloku yetu anaitwa mbele. Haoni. Anapiga gitaa alilojitengenezea kwa dumu la mafuta. Wageni wanatoa simu, wanapiga picha, wengine wanafuta machozi. "Jamani, Mungu amempa kipaji!" Makofi. Halafu anashikwa mkono anarudishwa nyumbani, na kesho yake wenzake wakienda darasani yeye anabaki kwenye mkeka. Ana miaka 14. Hajui kusoma hata herufi moja.

Mimi nafanya kazi na vijana, na hayo makofi nami nimeyapiga. Sasa nimechoka nayo.

Ngoja niwape habari za Joaquín Rodrigo, aliyezaliwa mwaka 1901 huko Sagunto, Hispania. Akiwa na miaka mitatu, ugonjwa wa dondakoo ulimpofusha. Alijifunza fidla na piano. Mwaka 1939 akatunga Concierto de Aranjuez, muziki wa gitaa na okestra unaopigwa mpaka leo dunia nzima, na yeye mwenyewe hakuwa mpiga gitaa!

Najua mtasema nini: kipaji. Hapana, tuhesabu vizuri. Alipelekwa shule ya watoto wasioona mjini Valencia. Akafundishwa nukta nundu, zile nukta sita alizozipanga Louis Braille, Mfaransa asiyeona, ambazo zinaandika herufi na noti za muziki pia. Nyumbani kwao walimlipa mtu wa kumsomea vitabu. Mwaka 1927 akaenda Paris kusoma kwa Paul Dukas. Muziki wake aliuandika kwa nukta, kisha akamtajia mwandishi anayeona, noti moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Kipaji alikuwa nacho, sikatai. Lakini kilikutana na shule, karatasi na watu.

Mwingine atasema: huyo ni Mzungu, baba yake alikuwa na mali, sisi ni wakimbizi. Sawa. Ila mwaka 1936 vita vilipoanza Hispania, Rodrigo alikuwa nje na mke wake, Victoria Kamhi. Pesa za masomo zikakatwa. Wakapokewa kwenye taasisi ya wasioona mjini Freiburg, Ujerumani, wakawa wanafundisha Kihispania na muziki ili waishi. Angalieni: hata ukimbizini alipewa kazi ya kufundisha. Sisi wa kwetu tunampa dakika tano jukwaani.

Na wapo wanaoniambia, "Kaka, posho yenyewe imepunguzwa, wewe unadai nukta nundu?" Posho hiyohiyo naila mimi. Lakini kila mwaka zinapatikana pesa za maturubai, spika na soda za wageni. Kibao cha kuandikia, kalamu yake ya kutobolea, karatasi ngumu na mwalimu mmoja anayejua kazi, hivyo tu ndivyo vinashindikana?

Wazazi nao siwaachi. Kumficha mtoto ndani eti watu watamcheka, au kumtoa siku ya wageni tu, yote ni kumnyima.

Mwaka huu nimeiambia kamati yetu kwamba sitamshika mkono kumpeleka jukwaani kabla hajaandikishwa darasani. Mkubwa mmoja akanijibu naharibu sherehe. Basi iharibike.

Maana wiki iliyopita nilimwomba kijana anipigie ule wimbo wa mwaka jana, alioutunga mwenyewe, uliowaliza wageni. Akashika gitaa, akajaribu mara mbili, akaacha. "Kaka, nimeusahau. Nilikuwa nao kichwani tu."

Wageni wanazo picha zake kwenye simu. Yeye mwenyewe wimbo wake hana. Mnaoandaa sherehe ya Juni, nataka jibu: ataandikishwa lini?