Adabu ya Kukaa Mbali

Ndugu Waislamu, mwaka 1994, katika makorongo ya mawe ya mchanga ya Hifadhi ya Wollemi nchini Australia, iligunduliwa miti ya kale inayofanana na ile iliyojulikana kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu. Miti mizima iliyosalia porini haifiki 100. Mahali penyewe pamefanywa siri, kwani maradhi ya mizizi huletwa na udongo wa viatu vya wageni.

Sisi huvua viatu mlangoni mwa msikiti. Basi ardhi nayo ni amana ya Mwenyezi Mungu mikononi mwetu. Tuwafundishe watoto wetu kwamba si kila kizuri sharti tukifikie. Vingine hutunzwa kwa kuachwa vilipo.

Wabillahi tawfiq.