Kaseti Haitoi Jasho

Masikio yangu yanalia "nziii", maana juzi usiku nilifungulia gitaa la Tony Iommi mpaka mama mwenye nyumba akaja kugonga mlango, akaniuliza kama humo ndani kuna mtu anachomelea mageti!

Sikumlaumu. Maswali ya namna hiyo nimeyazoea tangu enzi za kaseti. "Hivi wewe, kaka, mtu mzima na akili zako timamu, hiyo rock unaipendea nini? Kelele tupu!" Wenzangu mtaani walikuwa wanaizimikia Sikinde, wengine damu damu na Msondo, wengine wamehamia kwenye rap. Mimi na mshikaji wangu mmoja wa Magomeni tulikuwa tumedata na Deep Purple. Tukipita na fulana zetu nyeusi kwenye jua lile la Dar saa saba mchana, watoto wanatupigia miluzi, eti wachawi wa Kizungu wanapita.

Leo sibishani na wanaosema ni kelele. Nataka niongee na wewe unayependa muziki, wowote ule, lakini unaishia kuusikiliza kwenye simu, na kila tangazo la onyesho likipita unasema, "Mwakani bwana." Nina kisa chako.

Mimi na huyo mshikaji wangu tulikuwa na kaseti moja tuliyoitunza kuliko vyeti vya shule. Ilikuwa ni Made in Japan ya Deep Purple, kazi iliyorekodiwa jukwaani kule Osaka na Tokyo mwezi Agosti mwaka 1972. Sisi tulirekodiwa yetu kwenye kibanda, kaseti ya dakika 90, jina limeandikwa kwa kalamu ya Bic. Betri zikiisha nguvu tunazianika juani. Kurudisha mkanda nyuma tunazungusha kwa kalamu ile ile, maana redio ikirudisha yenyewe inakula moto wote. Nyimbo saba tu, na ule wa mwisho unakaribia dakika 20. Ian Gillan anapiga ukelele kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, Ritchie Blackmore anamjibu kwa gitaa, na Jon Lord anakifinya kinanda chake mpaka kinaunguruma. Bonge la kazi, usipime!

Lakini kilichotumaliza kabisa ni watu. Kwenye mkanda ule unawasikia Wajapani wanapiga makofi. Mshikaji wangu alikuwa na tabia moja: makofi yakianza, anaongeza sauti. Siku moja akaniambia, "Unajua, sisi tunasikia tu. Wale walikuwepo." Basi hapo hapo, kwenye benchi la muuza kahawa, tukapeana mkono kwamba kabla hatujafa lazima na sisi tuwepo. Popote pale, bendi yoyote ya magitaa. Tulikuwa hatujafika hata miaka ishirini.

Utaniuliza, kuna tofauti gani? Wimbo si ndio ule ule? Hapana, ndugu yangu. Mchukue Freddie Mercury wa Queen. Vijana wengi mmemjua kwa ile sinema ya mwaka 2018. Lakini wangapi mnajua kwamba yule ni mtoto wa Unguja? Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Maparsi, na baba yake alikuwa mtunza fedha wa serikali enzi za mkoloni. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 familia ikahamia Uingereza. Leo ukienda Shangani, Mji Mkongwe, kuna makumbusho yenye jina lake, yalifunguliwa mwaka 2019.

Sasa huyo mtoto wa Unguja, tarehe 13 Julai 1985, akapanda jukwaani uwanja wa Wembley, London, kwenye tamasha la Live Aid la kuchangia walioshikwa na njaa Ethiopia. Uwanjani kuna watu kama 72,000. Bendi ni nyingi, kila moja imepewa muda wake mfupi, na Queen walipata kama dakika 20 tu. Jua bado linawaka, kwa hiyo hakuna cha mataa ya rangi wala moshi wa kuficha makosa. Jamaa kavaa singlendi nyeupe, kashika kipande cha stendi ya kipaza sauti kama bakora. Akaita kwa sauti bila wimbo wowote, uwanja mzima ukaitikia. Akaita tena, wakaitikia. Akapandisha, wakapanda naye.

Kitu kile si kigeni kwetu. Nenda kwenye ngoma yoyote ya kwetu: mwimbishaji anatoa, wapokeaji wanapokea, na wapokeaji wakikaa kimya basi hapana ngoma. Rock jukwaani ni hivyo hivyo. Ukisikiliza kaseti wewe ni mpita njia tu, umesikia ngoma ya mtaa wa pili. Ukiwa mbele ya jukwaa wewe ni mpokeaji, na wimbo hauishi mpaka uingize sauti yako.

Haya, mwaka mmoja tu baada ya Wembley, tarehe 9 Agosti 1986, Queen wakapiga mahali panaitwa Knebworth, huko huko Uingereza, mbele ya watu zaidi ya 100,000. Ikawa ndiyo mara ya mwisho Freddie kuimba na wenzake kwenye onyesho lao. Hakuna aliyetangaziwa kwamba huu ndio mwisho. Tarehe 24 Novemba 1991 akafariki kwa maradhi yaliyoletwa na Ukimwi, akiwa na miaka 45. Yule aliyeziona tiketi za Knebworth akasema, "Mwakani nitakwenda," imekula kwake.

Na usidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Majirani zetu wa Zambia miaka ya 70 walikuwa na rock yao wenyewe, magitaa makali yaliyotoka miji ya machimbo ya shaba. Bendi ya WITCH ndiyo iliyotamba, na mwimbaji wao Emmanuel Chanda akaitwa Jagari, jina la Mick Jagger limekunywa maji ya Zambia. Baadaye mambo yakaharibika, uchumi ukaanguka, Ukimwi ukafyeka wanamuziki, wenzake wa mwanzo wengi wakatangulia. Jagari akaenda kuchimba mawe ya vito. Halafu mzee mzima, amepita miaka sitini, akarudi jukwaani, vijana wa Ulaya wakaja kumruka-ruka mbele yake. Hapa Dar nako kulikuwa na Sunburst, waliotoa albamu yao Ave Africa mwaka 1976. Ukiisikiliza utashangaa kwamba mji huu wa vumbi na mihogo ya kuchoma uliwahi kunguruma vile.

Turudi kwenye kisa. Mimi na mshikaji wangu tukaendelea kuahirisha. Mwaka huu ada ya mtoto, mwaka ujao bati za nyumba, unaofuata mchango wa harusi ya shemeji. Nikimsukuma ananijibu kwa msemo wake, "Kawia ufike, bwana." Mimi namrudishia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Tunacheka, tunaagiza kahawa nyingine, mwaka unapita. Tumecheka hivyo zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka 2019 presha ikamchukua. Siku ya tatu ya msiba mkewe akaniita pembeni, akanipa bahasha. "Shemeji, hii alisema ni yako." Ndani ilikuwa kaseti ile, mkanda umekatika sehemu mbili na kuungwa kwa selotepu. Msibani sikulia, nilijikaza kiume. Nililia kwenye daladala wakati wa kurudi, foleni ya Jangwani, konda akadhani nimeibiwa.

Mwaka 2023 nikasema liwalo na liwe. Nikapanda basi asubuhi na mapema, tukavuka Namanga, nikaingia Nairobi kiuno hakina habari na mimi. Wenzetu kule rock wameishika siku nyingi, na bendi kama Parking Lot Grass, Murfy's fLaw na Last Year's Tragedy zilijijengea mashabiki wao. Onyesho nililokwenda lilikuwa dogo tu, uani nyuma ya baa, watu kama mia mbili. Kiingilio ni sawa na chipsi kuku mbili. Nikaingia na fulana yangu iliyochakaa, mfukoni nina kaseti. Nikaangaza macho: kila mtu kavaa nyeusi! Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa mchawi wa mtaa.

Msomaji, sijui nikuelezeje. Ile ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu haiingii sikioni, inaingia kifuani. Gitaa la besi linakutetemesha suruali. Vijana wakatengeneza duara, wakaanza kukimbia na kusukumana. Nami kimbelembele changu nikajitosa, sekunde mbili niko chini. Nikajua ndiyo mwisho wangu, nitakanyagwa kama dagaa. Kumbe sheria ya pale ni moja: aliyeanguka anainuliwa. Mikono kama minne ikanishika kwapani, kijana mmoja akanifuta vumbi, "Mzae, uko fiti?" Nikamwambia niko fiti, goti linawaka moto.

Halafu, katikati ya wimbo, umeme ukakatika. Magitaa kimya. Kipaza sauti kimya. Nikasema basi, kasheshe, watu watadai hela zao. Wapi! Yule mpiga ngoma hakusimama, aliendelea gizani kama hakuna kilichotokea. Watu mia mbili wakaushika wimbo kwa vinywa vyao. Mimi maneno siyajui, nikawa nauma-uma tu "mmm, mmm" kama mtoto kanisani. Tukaubeba ule wimbo, sijui dakika moja, sijui mbili, na umeme uliporudi gitaa likaingia pale pale lilipotakiwa. Nilipiga makofi mpaka viganja vikavimba. Ndipo ikaniingia akilini kwamba leo na mimi ni Mjapani wa Osaka. Nikageuka kumwambia mshikaji wangu. Pembeni yangu alikuwa amesimama yule kijana wa "mzae".

Nimekukumbusha yote haya kwa sababu ya Tony Iommi aliyemwamsha mama mwenye nyumba. Mama wa watu hakukosea sana, maana sauti ile imezaliwa kiwandani kweli. Iommi alikuwa kijana wa miaka 17, kibarua wa kiwanda cha mabati Birmingham, mashine ikamkata ncha za vidole viwili. Akayeyusha plastiki ya chupa, akajitengenezea kofia za vidole, na baadaye akalegeza nyuzi za gitaa zisimuumize. Ukatoka mngurumo mzito uliowapa watu Black Sabbath. Tarehe 5 Julai 2025, wale wanne wa mwanzo, Iommi, Geezer Butler, Bill Ward na Ozzy Osbourne, wakakutana jukwaani Villa Park, mtaani kwao Aston, kuaga. Ozzy alikuwa na ugonjwa wa Parkinson, kusimama haiwezekani, akaimba ameketi kwenye kiti cha enzi. Siku 17 baadaye, tarehe 22 Julai, akafariki akiwa na miaka 76.

Siku 17 tu, msomaji wangu. Mzee wa watu hakusema "mwakani".

Kwa hiyo ushauri wangu wa bure. Kama kuna bendi unayoipenda na inapiga jirani yako wikiendi hii, iwe rock, dansi, taarab au singeli, nenda. Wahi, uione na bendi ya kwanza isiyojulikana, maana hata wakubwa walianza saa ile ambayo viti vitupu. Simu piga picha moja ya ushahidi, kisha irudishe mfukoni. Usisimame mbele ya spika kama mimi, masikio hayana spea. Kama wanauza fulana zao, nunua kwao, usingoje ya mtumba. Na yule mshikaji wako anayesema "kawia ufike", usibishane naye: mkatie tiketi, mpitie kwake, mburuze.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutaongelea mashemeji wanaokuja kusalimia wakakaa miezi mitatu. Kwa sasa nina ombi moja. Kaseti yangu imekatika tena, pale pale penye makofi. Mwenye kumjua fundi wa kuunga mkanda bila selotepu, anitafute kijiweni. Kahawa juu yangu.