Ufundi wa Gari: Raki mpya, usukani bado mzito

Huenda unalo gari, au unaendesha la mwenzako, au unapanda tu siku ya gulio. Kati ya Ruangwa na Nachingwea watu husafiri kwa Noah na magari mengine madogo. Msimu wa korosho na ufuta magari hayo hubeba na mizigo. Kwenye barabara za udongo vumbi ni jingi na mashimo hayakosi. Kitu kimoja kinachochoka mapema kwa safari hizo ni raki ya steringi.

Raki ni chuma kirefu chenye meno. Kimelala ndani ya bomba, kati ya magurudumu ya mbele. Ukizungusha usukani, raki husogea kushoto au kulia, na magurudumu hufuata. Kwenye pawa steringi ya mafuta ipo pia pampu. Injini huizungusha kwa mkanda. Pampu husukuma mafuta kwenye raki, na nguvu ya mafuta hayo humsaidia dereva. Mmarekani Francis Davis alionyesha mtambo wa namna hii mwaka 1926, lakini ulianza kuuzwa kwenye magari madogo mwaka 1951.

Mpira wa kuzuia vumbi ukipasuka, mchanga huingia. Mchanga hukwaruza chuma na kukata sili. Mafuta huvuja. Basi mwenye gari hutuma fedha Dar es Salaam, anunuliwe raki iliyotumika. Inafika, fundi anaifunga. Gari likiwashwa, usukani ni mzito kama kwanza, tena unalia kama ndama.

Hapo maneno huanza. Mwenye gari anasema kauziwa raki mbovu. Fundi anasema pampu imekufa, inunuliwe nyingine. Fedha za korosho zinakwisha hivyo hivyo. Mimi nasema, ngoja kwanza. Huenda raki ni mbovu kweli, kwa kuwa ya mtumba ni bahati. Lakini mara nyingi kosa ni upepo. Mabomba yalipofunguliwa, mafuta yalitoka na upepo ukaingia. Upepo hubonyea, mafuta hayabonyei. Ndiyo maana nguvu haifiki.

Fungua kopo la mafuta ya steringi utazame. Mafuta yenye povu, au yaliyogeuka rangi kama maziwa, yana upepo. Kuutoa hakuhitaji fedha, kunahitaji subira. Inua magurudumu ya mbele kwa jeki, kisha weka stendi au magogo imara chini ya gari. Usiamini jeki peke yake. Jaza mafuta hadi alama. Injini ikiwa imezimwa, zungusha usukani polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Fanya hivyo mara 15 au 20. Mwenzako aangalie kopo na kuongeza mafuta, maana likikauka upepo huingia upya na kazi inaanza tena. Kisha washa injini, iende polepole, uzungushe tena. Usiushikilie usukani mwishoni zaidi ya sekunde 5, kwani pampu hupata moto. Povu likiwa bado lipo, zima gari, acha litulie, urudie.

Kama usukani haujalainika, shika mkanda wa pampu. Uliolegea huteleza na kupiga kelele, hasa unapokata kona. Tazama na mpira unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye pampu. Ukiwa na ufa au kibanio kilicholegea, unaweza kunyonya upepo bila kumwaga hata tone.

Mafuta yenyewe nayo ni jambo kubwa. Toyota nyingi za pawa steringi ya mafuta hutumia yale mekundu ya giaboksi ya otomatiki. Soma kifuniko cha kopo. Usiweke kamwe mafuta ya breki, kwa sababu huharibu sili. Na kama mafuta ya zamani yalikuwa meusi, yalipaswa kumwagwa yote na mabomba kusafishwa kabla ya kufunga raki. Unga wa chuma uliobaki humaliza raki ngeni kama ulivyomaliza ya kwanza.

Lakini ikiwa upepo umekwisha, mkanda umekaza, pampu inasukuma vizuri, na usukani ni mzito upande mmoja tu, hapo ishuku raki. Irudishe dukani mapema.

Usukani kukaa upande wakati gari linakwenda sawa ni jambo jingine. Fundi hakuhesabu mizunguko alipofungua taierodi. Apime magurudumu upya, la sivyo tairi zitalika upande mmoja.

Kuna boliti moja ambayo abiria hawaioni. Ni ile inayounganisha nguzo ya usukani na raki. Mkanda wa pampu ukikatika njiani, usukani huwa mzito lakini magurudumu bado hukutii. Kiungo hiki kikiachia, usukani huzunguka bure. Kabla gari halijapakia mtu, mwambie fundi aikaze mbele ya macho yako. Likienda Nachingwea na kurudi, aikague tena, atazame kiasi cha mafuta, na aangalie chini kama kuna tone.